Weupe wa theluji hautoki kwenye tyubu

SWALI: Nimeona picha za theluji za mchoraji Lars Lerin wa Uswidi, kubwa ajabu, na ni rangi za maji. Mimi nikijaribu, vivuli vinageuka tope na karatasi inajikunja. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tuanze na karatasi. Chukua ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Iloweshe dakika tano kwenye maji baridi, ilaze juu ya ubao wa plaiwudi wa milimita 12, kisha ubandike kingo zote nne kwa tepu ya karatasi yenye gundi ya kulowesha. Ukiilowesha tepu kupita kiasi, gundi inasombwa na itabanduka usiku. Ubao ulale chali hadi asubuhi. Karatasi usiikate mpaka picha ikamilike.

Tope lina sababu mbili. Ya kwanza ni kuchanganya rangi nyingi mno. Kijivu cha kivuli cha theluji kinapatikana kwa mbili tu: buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu. Ya pili, na ndiyo inayowaponza wengi, ni haraka. Tabaka jipya likisuguliwa juu ya lililo bichi, la chini linang'oka. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Kwa unyevu wa pwani utangoja sana, feni inasaidia. Na brashi yenye maji mengi ikigusa rangi iliyokauka nusu, maji yanaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za koliflawa.

Rangi hupauka ikikauka, kwa hiyo paka iliyokoza kuliko unavyotaka. Mwangaza wenyewe ni karatasi uliyoiacha wazi, basi amua mapema pasipoguswa.

SWALI: Vitawi vyembamba vyenye theluji navikwepaje?

JIBU: Vizibe kwa utomvu wa mpira wa wachoraji, unaopakwa kabla ya rangi na kubanduliwa baadaye. Chovya brashi kuukuu kwenye sabuni kwanza, la sivyo utomvu utaiua. Usiukaushe kwa joto, wala usiuache wiki nzima. Utang'oka na karatasi.

SWALI: Kazi za Lerin zinaonekana wapi?

JIBU: Sandgrund, mjini Karlstad, kando ya mto Klarälven: ukumbi wa dansi wa zamani uliogeuzwa makumbusho yake mwaka 2012. Picha yako ya nyumbani iwekee kioo, na usiitundike mkabala na dirisha. Jua huzififisha rangi za maji.