Kabla hujafuta akaunti, angalia kwanza nani anakupata kupitia humo

Wengi wanaosema "mi nimeachana na mitandao" ukiwafuatilia utakuta wapo, wametoka tu Insta wakahamia TikTok, au wamefuta Jumatatu na Ijumaa washairudisha, na sio kwamba hawana msimamo jamani, ni kwamba wanahangaika na kuskroli wakati kinachowarudisha mle ni watu. Ukishajua ni watu gani, uamuzi wa kutoka au kubaki unakuwa mwepesi sana.

Mimi Facebook na Instagram nilishatoka, ila WhatsApp nipo na nitaendelea kuwepo, sababu ni michango tu. Aliye Tanzania ananielewa hapa. Likifunguliwa grupu la sendofu ya mtoto wa dada, anateuliwa mwenyekiti na mweka hazina, inawekwa orodha yenye namba, kila mtu anaikopi anaongeza jina lake chini na ahadi yake, ukilipa unawekewa tiki ya kijani pembeni, basi orodha inazunguka hivyo asubuhi mpaka usiku. Usipokuwepo humo hakuna wa kukupigia akwambie kikao kimesogezwa Jumapili. Na msiba ndo usiseme, taarifa inaingia alfajiri, ikifika saa nne watu washachanga na Costa ya kwenda kuzika imeshapatikana. Sasa umezikiwa mjomba wako hujui, shangazi utamwambia nini? Kwa hiyo ukiona mtu hatoki WhatsApp usimwambie ana uraibu, muulize kwanza ana ndugu wangapi humo.

Facebook kwangu ilikuwa tofauti kabisa. Nilikaa nikapitia majina, nikaona karibu wote ninaowajali nina namba zao, waliobaki nikawafuata inboksi nikaomba namba, yakaisha. Insta ndo ilinipa kazi maana nilikuwa nauza vitenge na wateja wananijua kwa jina la akaunti. Ila tarehe 4 Oktoba 2021, ile siku Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote pamoja kwa masaa kama sita, ndo nilianza kuwaandika wateja kwenye daftari, jina, namba, anakaa wapi, anapenda kitenge gani na huwa anachukua doti ngapi. Daftari lilipojaa nikaweza kutoka. Wateja wa kudumu tuko nao mpaka leo, wale waliokuwa wanaona picha ndo wananunua nimewapoteza wengi, hilo nakwambia wazi ili usije kukurupuka. Kama mkate wako wote uko Insta na hujachukua namba ya mtu hata mmoja, usifute, anza na namba.

X nayo, ile ya zamani Twitter, ilipoacha kufunguka Tanzania Mei 2025 niliona kitu hichohicho kwa watu wangu wa karibu. Waliokuwa na wenzao wa kubishana nao mpira na siasa kila siku walitafuta VPN fasta, zile programu za kufungulia mtandao uliozuiwa, waliokuwa wanapita kusoma tu hawakuhangaika tena.

Kuna sehemu moja lakini sisemi subiri. Kama unakopa ili upate nguo ya kupigia picha, au ukifunga simu unamchukia mumeo kwa sababu ya gari uliloona kwa mwenzio, dada yangu toka leoleo, hata kama utapoteza wateja. Nimeona mabinti wazuri wanaumia kwa hili, inaniuma sana.

Kuhusu kutoka kwenyewe, Facebook na Instagram ukiomba kufuta akaunti wanakupa siku 30, ukiingia ndani ya hizo siku unaweza kughairi, kwa hiyo toa kabisa programu kwenye simu usije ukaifungua bila kutaka. WhatsApp ni nyingine, ukifuta akaunti unatolewa kwenye magrupu yote, so kama ni kelele tu zinakuchosha yazime sauti, uyaweke kwenye kumbukumbu, uache la familia peke yake liwe linalia. Na kabla hujafuta Facebook omba kopi ya taarifa zako, hasa kama una picha za marehemu humo ambazo hazipo sehemu nyingine, subiri faili lishuke, lifungue uzione kwa macho yako, ndo ubonyeze kufuta.