Silinda ya chini imepoteza mgandamizo: je, pistoni mpya inatosha?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Kilwa Masoko. Mashine yangu ya boti ni ya stroki mbili, silinda mbili, nguvu za farasi 40. Tukiwa baharini ilipungua kasi ghafla, kisha ikazimika. Sasa inawaka kwa taabu, inatetemeka na haibebi mzigo. Fundi amepima mgandamizo: silinda ya juu imesoma 115, ya chini 55. Anashauri tufunge pistoni na ringi mpya kwenye silinda ya chini. Je, tumfuate?

JIBU: Ndugu, vipimo hivyo vinathibitisha kwamba silinda ya chini imeumia, kwa kuwa tofauti kati ya silinda za injini moja haifai kuzidi takriban asilimia 10 hadi 15. Havionyeshi, hata hivyo, kilichoiumiza, na mkifunga pistoni mpya kabla ya kukijua chanzo, nayo itaharibika vilevile, pengine mkiwa mbali na nchi kavu.

Anzeni na plagi ya silinda hiyo na kuitazama juani. Mkiona kwenye kauri yake chembechembe zinazong'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni iliyoanza kuyeyuka. Wapo mafundi wanaomimina oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena ili kujua kama ringi ndizo zinazovujisha, lakini silinda za mashine ya boti zimelala, oili hutuama upande mmoja, na jibu linaweza kuwapotosha. Ni afadhali kufungua silinda hedi. Bolti zilizoshikwa na chumvi hukatika kwa urahisi, kwa hiyo zipulizieni mafuta ya kulegeza kutu na kuziacha usiku kucha kabla ya kuzigusa kwa spana.

Gasketi iliyoungua itaonekana mara moja. Tundu kwenye kichwa cha pistoni kwa kawaida hutokana na hewa kuzidi petroli, au plagi isiyo ya namba yake. Michubuko upande wa ekzosi mara nyingi ni dalili ya joto kupita kiasi, ilhali ile ya upande wa kuingilia mchanganyiko wa petroli, oili na hewa huelekeza kwenye upungufu wa oili.

Jambo linalonifikirisha zaidi ni kwamba silinda moja tu ndiyo iliyoumia. Kama oili ingesahaulika kwenye tangi, zote mbili zingepata madhara, maana zinakunywa mchanganyiko uleule. Katika stroki mbili, mchanganyiko hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kila silinda ina chumba chake kilichozibwa. Sili ya chini ya krenki, yaani mpira unaoziba penye mhimili huo, ikichakaa, hewa ya ziada huingia chumba cha chini pekee, na pistoni hiyo huchemka huku mwenzake ikiwa salama. Kagueni sili hiyo, na kama kila silinda ina kabureta yake, zibueni jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za ile ya chini. Impela ya pampu ya maji ya kupoza mashine badilisheni hata kama inaonekana nzima, kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko hasara inayoleta.

Kuhusu matengenezo, silinda ipimwe juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Ikiwa imepanuka au imekuwa yai, nunueni kwanza pistoni kubwa zaidi, ya 0.25 au 0.50 mm, kisha mkerezaji aipanue silinda kulingana na pistoni iliyo mkononi mwake, na kingo za matundu yaliyo kwenye kuta za silinda zilainishwe ili ringi zisinase. Ncha za kila ringi zikae penye pini yake ndogo ndani ya mfereji; zikikaa pengine, ringi itavunjika. Chumba cha krenki kioshwe mpaka vipande vyote vya alumini vitoke, na konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikionekana kucheza, msifunge chochote kabla ya krenki kutengenezwa.

Mkiwasha upya, kwa saa 10 za mwanzo changanyeni mililita 800 za oili kwa lita 20 za petroli, bila kufungua mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu. Baadaye rudini kwenye kipimo cha kitabu cha mashine, ambacho kwa nyingi ni mililita 400 kwa lita 20. Oili iwe yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji. Ile ya pikipiki msiitumie.