Yesu kati ya Buddha na jiwe la zambarau

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake nilidhani macho yananidanganya. Kwenye kimeza chini ya dirisha la sebule palikuwa na Buddha wa shaba, pembeni yake picha ya Yesu kwenye fremu ya mbao, halafu jiwe la zambarau linalong'aa, kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Mbele yao kulikuwa na kijichungu cha kufukizia majani. Picha ile naijua tangu utoto: Yesu amesimama usiku, taa mkononi, anabisha mlango. Kwetu Machame ilikuwa ukutani kwa shangazi yangu, na mwalimu wa Shule ya Jumapili alituambia tuitazame vizuri, kwamba mlango ule hauna kitasa kwa nje.

Mimi ni Mlutheri, mtoto wa usharika, nimepata kipaimara nikiwa na miaka 14. Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu tu Uingereza, nafanya kazi ya kulea wazee majumbani, ile tunayoiita kea, huko Somerset. Bibi niliyepangiwa alikuwa amepita miaka 80. Nilimuuliza hata koti sijavua kama yeye ni Mkristo au ni Mbudha. Akatabasamu, akasema anampenda sana Yesu, kwamba alikuwa mwalimu aliyefika mbali kama Buddha, na kwamba kila mmoja wetu ana Kristo ndani yake. Nikamjibu kwa amri ya kwanza. Nikamwongezea na Isaya, pale Mungu anaposema utukufu wake hatampa mwingine. Nilisema kwa sauti ya mtu anayemwokoa mwenzake na moto.

Wiki iliyofuata sikumwona kwenye ratiba yangu. Alikuwa ameomba mlezi mwingine.

Alinirudisha baada ya mwezi mmoja kwa sababu, aliniambia, mikono yangu haikuwa inamuumiza wakati wa kumvisha. Nilikaa naye miaka miwili. Nawaandikia ninyi mnaokuja huku kulea wazee, kusoma, au mliooa na kuolewa katika familia za huku, kwa sababu Yesu wa namna hii mtakutana naye mapema, na ningependa msipoteze ule mwezi nilioupoteza mimi.

Nyumba yake haikuwa mbali na Glastonbury. Ni mji mdogo, lakini ukipita barabara yake kuu utaona duka baada ya duka la mawe ya fuwele, ubani, kadi za kubashiria na sanamu za miungu ya Kihindi. Na katikati ya hayo yote yumo Yesu. Wenyeji wana hadithi ya zamani kwamba Yusufu wa Arimathaya, yule aliyeuzika mwili wa Bwana, alifika hapo, akachomeka fimbo yake kwenye kilima cha Wearyall, ikachipua mti wa miiba. Wengine huongeza kwamba aliwahi kuja na Yesu mwenyewe akiwa kijana. Kuna chemchemi inayoitwa Chalice Well, maji yake yanaacha wekundu kwenye mawe kwa sababu ya madini ya chuma. Mmoja atakuambia wekundu ule ni damu ya Kristo, aliye pembeni yake atasema ni damu ya Mama Dunia, nao watachota maji pamoja bila kugombana. Abasia kubwa ya pale, yaani makao ya watawa, ilivunjwa enzi za Mfalme Henry VIII, na mwaka 1539 abati wake wa mwisho, Richard Whiting, alinyongwa juu ya kilima cha Tor. Nilisimama kwenye magofu yale nikawaza jinsi watu wa nchi hii walivyozoea kuona Ukristo kama kitu ambacho wakubwa hukijenga na wakubwa hukibomoa.

Kwa muda mrefu nilidhani mchanganyiko huu ni utamaduni wa vijana wa yoga na simu. Kumbe una umri wa babu wa babu zao. Helena Blavatsky na wenzake walianzisha Chama cha Theosofia New York mwaka 1875, wakifundisha kwamba chini ya dini zote kuna hekima moja ya siri. Mwaka 1893 Swami Vivekananda alisimama kwenye Bunge la Dini za Dunia kule Chicago, na Wamarekani wengi wakasikia kwa mara ya kwanza Mhindu akiieleza imani yake mwenyewe. Mwaka 1920 akaja Marekani Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India. Hadi leo, kwenye madhabahu za jumuiya aliyoianzisha, Self-Realization Fellowship, utakuta picha ya Yesu pamoja na ya Krishna na za walimu wake wa Kihindi. Halafu kuanzia 1965 Helen Schucman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia, akaanza kuandika maneno aliyosema anayasikia ndani yake, na sauti ile ilijitambulisha kuwa ni Yesu. Maandishi hayo yalichapishwa 1976, na bibi wangu alikuwa na nakala iliyochakaa kama Biblia ya mwinjilisti.

Kwa hiyo njia ilikuwa imeshatengenezwa. Mtu aliyetoka kanisani akiwa na hasira au uchovu alikuta mahali pa kwenda ambapo haambiwi amwache Yesu mlangoni. Hilo ndilo nililochelewa kulielewa. Wengi wa watu hawa waliondoka kwa wachungaji. Yesu walibaki naye, kwa sababu yeye walikutana naye kabla ya mchungaji yeyote, kwenye magoti ya bibi zao. Yumo kwenye majina yao, kwenye kalenda, kwenye nyimbo za Krismasi wanazozijua kwa moyo. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilionyesha waliojiita Wakristo ni asilimia 46.2, wakati mwaka 2011 walikuwa asilimia 59.3. Lakini makanisa kupungukiwa na watu hakuna maana kwamba watu wameacha kuomba. Wanaomba wanavyojua, na kwa vile walivyoviokota njiani.

Na wengine wamo bado kanisani. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa 2018 ulikuta Wakristo 29 katika kila 100 nchini Marekani wanaamini kwamba mtu akifa huzaliwa tena katika mwili mwingine. Takwimu hiyo ilinishtua sana, mpaka siku bibi wangu aliponieleza ya kwake.

Alikuwa na mdogo wake aliyefariki akiwa na siku nne, hajabatizwa. Mama yao alimuuliza mchungaji mtoto yuko wapi. Mchungaji, kwa maneno aliyoyasikia yeye mwenyewe akiwa na miaka 7 amesimama nyuma ya mlango, alijibu kwamba hawezi kumhakikishia. Mama hakurudi tena kanisani. Miaka mingi baadaye, bibi akiwa msichana, mtu akamweleza kwamba roho hazipotei, kwamba yule mtoto alirudi duniani akapata mama mwingine na siku nyingi zaidi. "Nilipumua," aliniambia. "Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka saba." Na mimi nilikuwa nimemjia na amri ya kwanza.

Ushauri wangu wa kwanza basi unatoka hapo: muulize mtu nani alimfundisha habari za Yesu mara ya kwanza, kisha nyamaza. Usiandae jibu wakati anaongea. Swali lile la Bwana mwenyewe, "Nanyi mwaninena mimi kuwa ni nani?", ni swali zuri la kuulizana, lakini yeye aliwauliza watu aliokuwa ametembea nao na kula nao.

Pili, jifunze hoja zao, maana zinajirudia. Wanapenda sana Luka 17:21, "ufalme wa Mungu umo ndani yenu." Wanapenda pia ile miaka ambayo Injili hazisimulii, kati ya Yesu wa miaka 12 hekaluni na Yesu wa kama miaka 30 mtoni Yordani. Watakuambia alikuwa India au Tibet. Habari hiyo ilienezwa na Mrusi Nicolas Notovitch, ambaye mwaka 1894 alichapisha kitabu akidai kwamba ameonyeshwa maandishi ya kale kwenye monasteri ya Wabudha ya Hemis, Ladakh, kaskazini mwa India. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja, J. Archibald Douglas, alifika Hemis na kumuuliza mkuu wa monasteri, naye akakana kabisa. Mimi hunitosha Marko 6. Watu wa Nazareti wanamsikia Yesu akifundisha na wanashangaa, "Huyu ameyapata wapi haya?", wanamwita seremala, wanawataja mama yake na ndugu zake kwa majina. Mtu aliyerudi juzi kutoka safari ya miaka 18 Mashariki, kijiji kizima kingejua ameyapata wapi.

Mwenzangu mmoja kazini, dada Mwislamu kutoka Tanga, naye alipambana na la kwake: mteja alimwambia kaburi la Nabii Isa liko Srinagar, Kashmir. Dai hilo alilieneza Mirza Ghulam Ahmad, mwanzilishi wa Ahmadiyya, kuanzia miaka ya 1890, na siku hizi watalii wa Kizungu wanalibeba bila kujua limetoka kwa nani. Dada huyo alijibu kwa upole kwamba Isa bin Maryam kwake ni nabii anayetajwa katika Qur'ani, na kwamba anaomba asichanganyiwe. Jibu hilo lilinifundisha. Mwislamu anapomheshimu Isa, ana kitabu na ana mipaka, anajua anachokikubali na anachokikataa. Tofauti na hilo, kuna wazee wa huku ambao wanachukua kidogo hapa na kidogo pale, na hakuna anayewaambia hapana.

Hoja nyingine ni kwamba Kanisa lilifuta habari za kuzaliwa tena kutoka kwenye Biblia katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Constantinople mwaka 553. Hii usiishie kuibishia, nenda London ukaone. British Library ina Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono karne ya 4, yaani kama miaka 200 kabla ya mtaguso huo. Kuingia ni bure. Nilisimama mbele ya kioo nikaangalia zile safu nne za maandishi nisizoweza kuzisoma, na machozi yakanitoka. Mistari inayodaiwa kufutwa haimo humo pia. Mtaguso ulilaani mafundisho yaliyohusishwa na Origen, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, yakiwemo ya roho kuwepo kabla ya mwili. Biblia haikuguswa.

Tatu, kwa walezi hasa: uko kazini. Mteja asipouliza habari za imani, mvishe, mlishe, mwogeshe kwa heshima, basi. Akiuliza, jibu kwa ukweli na kwa kifupi. Wapo wenzetu waliopoteza kazi kwa kuhubiri kitandani kwa mgonjwa. Na akikualika kwenye mambo yake, unaweza kukataa bila kumdharau. Bibi wangu aliniomba niketi naye wakati wa kupiga zile bakuli za shaba na kuita Mabwana Waliopaa, yaani walimu wa kale wanaoaminiwa kuwaongoza watu kutoka juu, Yesu akiwa mmoja wao. Nilimwambia, "Bibi, mimi kwa Yesu naomba kwa njia moja tu niliyofundishwa, nitakungoja jikoni." Hakukasirika. Nadhani aliniheshimu zaidi.

Tena tusijifanye hatujui kuchanganya. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu, na wengine wetu tulipotoka huko tulipitia kwa mganga kuhakikisha. Sisi huchanganya tukitafuta afya na ulinzi. Wao, kwa niliyoyaona, huchanganya wakitafuta maana, na mtu wa kuwaambia kwamba hawajaachwa peke yao. Ninachoamini kimebaki palepale: Yesu wa kwenye kimeza kile amepunguzwa, hana msalaba, hamdai mtu chochote, na ninaumia kumwona hivyo. Nilimwambia bibi hilo pia, mwaka wa pili, aliponiuliza. Alisikiliza mpaka mwisho.

Desemba ya mwisho aliniomba nimsomee Luka 2 kwa Kiswahili, asikie tu inavyolia. Nikasoma mpaka mstari wa 52, "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo." Nikamtafsiria. Akauliza, "Na baada ya hapo, miaka yote ile, alikuwa wapi?" Nilijua anataka nimwambie nini. Nikamjibu kwamba ninavyoamini mimi alikuwa Nazareti, anaranda mbao, analisha mama yake.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniomba nimletee ile picha. Akaigeuza, akanionyesha nyuma ya fremu, pale pembe zilipounganishwa bila msumari hata mmoja, ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake. Babu yake alikuwa seremala, akasema. Hii fremu aliitengeneza yeye, zawadi kwa bibi yake. Alipitisha kidole kwenye ile pembe mara mbili, tatu, halafu akanipa niirudishe. Nikaiweka mahali pake, kati ya Buddha na jiwe la zambarau, nikaenda kumletea dawa zake za saa mbili.