Re: Kikundi chetu cha vijana kupewa nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, tufanyeje isiwe ya muda?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umesema mmeambiwa kwa mdomo "ingieni tu, mtengeneze, mtumie." Hapo msiingie bado. Ulizeni kwanza nyumba ni ya nani: ya Serikali, ya mtu binafsi, au ya wakfu (iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani). Ikiwa ya wakfu, wa kuzungumza naye ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, si huyo anayeshika funguo.

Pili, kikundi kiwe na usajili kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya, ili mkataba uandikwe kwa jina la jumuiya. Mwenyekiti akiolewa akahamia Pemba, mkataba unabaki. Ombeni miaka mingi, na gharama za matengenezo zikatwe kwenye kodi ya pango, iandikwe humo humo. Bila hivyo mtaezeka paa, mwenyewe aone nyumba imependeza, awatoe.

Matengenezo yenyewe yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Na tafadhali, fundi asipake saruji! Kuta zile ni mawe na chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani, plasta inabanduka. Kagueni vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, ndiko vinakoozea. Beit el Ajaib, nyumba ya sultani, ilianguka sehemu Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wakafa.

Nendeni mkaulize Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002 na kikafundisha miaka mingi katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani. Wanaijua kodi na bili ya umeme kuliko mimi.