Bonsai ya Ndani Inataka Watu Wawili

Ukitaka kulea bonsai, yaani mti unaodumishwa mdogo chunguni na kuundwa umbo, ndani ya nyumba, tafuta kwanza mtu wa kulea naye; mti utapatikana tu. Mimi naishi Arusha, shemeji yangu yuko Moshi, na miti yetu yote ni ya pamoja, hakuna wa kwangu wala wa kwake. Kazi yenyewe si ngumu. Nilichoona ni kwamba bonsai nyingi hufa pale mwenye mti anaposafiri, anapougua au anapochoka, na nyumbani hakuna mwingine anayeujua mti ule.

Anzeni na fikasi, ile ya majani madogo yanayong'aa inayopandwa kwenye uzio na mbele ya maofisi. Ni ndugu wa mkuyu, na ukiikata utaona utomvu mweupe uleule. Inavumilia mwanga hafifu kuliko miti mingi, na inamvumilia anayejifunza. Mkienda kitaluni msivutwe na majani. Fukueni udongo kidogo mtazame shina linapoingia ardhini: litakalowafaa ni lile lililonenepa chini na kutawanya mizizi kila upande. Misonobari mnayoiona kwenye picha za Japani iacheni, ile ni miti ya nje inayohitaji majira ya baridi ili ipumzike. Bogonvilia na waridi la jangwa hupendeza, lakini hutaka jua kali. Moshi mnaweza kuzijaribu barazani, ila sebuleni Arusha sishauri.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo ushauri wa vitabu vya kigeni unapotupoteza. Vingi vinasema weka mti kwenye dirisha la kusini. Kwa mtu wa Ulaya au Japani ni sahihi, kwa sababu kwao jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana liko kaskazini yetu, miezi iliyobaki liko kusini, na wakati wote linapita juu sana, kiasi kwamba paa la kibaraza hulizuia lisifike dirishani. Jua linaloingia ndani kweli ni la asubuhi na la jioni. Kwa hiyo chagueni dirisha la mashariki. La magharibi lafaa pia, ila Moshi mwezi wa Februari jua la alasiri kupitia kioo huweza kubabua majani. Wekeni mti karibu na kioo, si zaidi ya nusu mita, na mpanguse wavu wa mbu, kwani ukijaa vumbi hula mwanga mwingi. Geuzeni chungu kila wiki. Mkiona pingili zinarefuka na majani yanakuwa makubwa na machache, mti unawaambia hauoni.

Udongo wa shambani, hata ule mweusi mzuri, haufai peke yake. Kwenye chungu kifupi hushikamana, maji hayapiti na mizizi huoza. Sisi tunatumia changarawe nyepesi ya volkano yenye vitundu. Tunaichekecha ili vumbi litoke, kisha tunachanganya na mboji iliyoiva, changarawe ikiwa nyingi kuliko mboji. Tunaoishi chini ya Meru na Kilimanjaro tumejaliwa kwa hili. Kwingine watu huagiza mawe ya namna hii kutoka mbali.

Kuhusu maji, msiweke ratiba ya siku. Ingizeni kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu juu na chini una unyevunyevu kidogo, mwagieni mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Moshi wakati wa joto huenda ikawa kila siku, Arusha mwezi wa saba udongo huweza kukaa siku kadhaa. Maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floraidi na chumvi, ndiyo sababu mnaona ukoko mweupe kwenye kingo za vyungu. Masika na vuli kingeni ya mvua kwenye ndoo, miti itawashukuru.

Kuunda umbo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayohitaji mwenza zaidi. Chukueni waya wa alumini, au wa shaba kutoka nyaya za umeme zilizochunwa plastiki, wenye unene kama theluthi ya tawi. Uzungusheni kwa mshazari, kisha mmoja ashike kitako cha tawi na mwingine akunje polepole. Fikasi hunenepa haraka kwenye joto, kwa hiyo kagueni waya kila wiki. Ukianza kuuma gome, ukateni vipandevipande. Mkiufungua kwa kuuzungusha mtavunja tawi.

Kwa kupogoa, acheni kichipukizi kifikishe majani sita hadi nane, kisha mkate yabaki mawili au matatu. Kwa tawi zima tuna sharti moja: halikatwi mpaka wote wawili tukubaliane. Tunatumiana picha za pande zote, tunalala, tunaamua kesho. Tusipokubaliana tawi linabaki, kwa sababu likishaondoka huna uhakika kwamba jingine litatoka palepale. Shemeji ameniokolea matawi mengi kwa sharti hilo, na mimi nimemwokolea yake.

Wako watakaowaambia mnautesa mti. Waonyesheni majani mapya. Mti unaoteswa hauchipui.

Faida nyingine ya kuwa wawili ni hali ya hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000, na kati yake ni kilomita 80 tu. Juni hadi Agosti fikasi Arusha huacha kabisa kukua, basi miti huhamia Moshi. Desemba shemeji hupanda kwenda Marangu, kijijini mlimani Kilimanjaro, kama Wachaga wengi, nyumba ya mjini hufungwa, na miti huja kwangu. Tunaifungasha kwenye boksi, magazeti yakijaza nafasi, udongo umefungwa kwa kitambaa, na tunamwagilia jana yake ili chungu kisivuje njiani.

Hata bonsai moja mashuhuri sana duniani imeishi hivyo, kwa kupita mikono ya watu mbalimbali. Msonobari wa ukoo wa Yamaki wa Hiroshima, uliolelewa chunguni tangu 1625, ulinusurika bomu la Agosti 6, 1945, ukazawadiwa Marekani mwaka 1976, na leo unatunzwa Washington na watu wasio wa ukoo ule.

Kubadilisha udongo ni kila baada ya miaka miwili hivi, wakati wa joto, na msipunguze zaidi ya theluthi ya mizizi. Vidung'ata na wadudu gamba wafuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mbolea iwe nyepesi, na msiweke wakati wa baridi.

Kisha wekeni daftari moja kwa kila mti: lini ulibadilishiwa udongo, waya umefungwa tarehe gani, tawi gani bado mnabishania. Mti ukienda kwa mwenzako, daftari liende nao kwenye boksi lilelile.