Kabla hujaipeleka rekodi ya Noeli kwenye mazoezi ya kwaya

Majilio yakianza tu, simu yangu haipumziki. Walimu wa kwaya wenzangu, kuanzia Nyakato na Igoma mpaka Kisesa, huku kwetu Mwanza, wote wanataka kitu kimoja: "Mwalimu, nirushie nyimbo za Noeli za nje, wanakwaya wasikilize." Narusha, lakini siku hizi narusha na maelekezo. Rekodi nzuri ikisikilizwa ovyo inaharibu kwaya kuliko kukosa rekodi kabisa.

Kwanza chuja. Ukimwambia kijana wa pale Makoroboi akujazie flashi nyimbo za Krismasi atakujazia, na nyingi hazimtaji Yesu hata mara moja. Ule wa kengele unaopigwa kila duka Desemba, Jingle Bells, James Pierpont aliuchapisha Marekani mwaka 1857, na unahusu watu wanaofurahia kuvutwa na farasi juu ya theluji. Hori hamna, malaika hamna. Nyumbani upige watoto wacheze, sina ugomvi nao, ila kwenye mazoezi ya mkesha usiuingize.

Halafu kuna suala la spika. Spika ya simu haitoi besi. Utakuta wanaume wa mstari wa nyuma wameinamia simu iliyowekwa juu ya benchi, mvua inapiga bati, wanachoambulia ni sauti ya kwanza peke yake, kisha mwalimu anawafokea mbona hawajaishika sauti yao. Wataishikaje? Azima subwufa hata kwa jirani, au wape eafoni wasikilize kwa zamu.

Rekodi zinazoombwa sana ni za kwaya ya King's College, Cambridge, Uingereza. Ibada yao ya masomo tisa na nyimbo ilianza mkesha wa Noeli mwaka 1918, BBC ikaanza kuirusha redioni 1928, na huwa inafunguliwa na mtoto mmoja wa kiume anayeimba peke yake bila ala. Inapendeza, sikatai. Lakini zile sauti za juu ni za wavulana ambao hawajavunja sauti, na kanisa lao ni la mawe, dari liko juu sana, kiasi kwamba kwaya ikinyamaza sauti bado inazunguka. Ndiyo maana wanaweza kuvuta neno na kusubiri. Kanisa letu la bati lenye madirisha wazi halikurudishii kitu. Ukivuta kama wao, pumzi zinaisha katikati ya mstari. Na mama zetu wa sauti ya kwanza wasilazimishwe kubana koo ili wafanane na watoto. Kwa King's wewe chukua jambo moja: wanavyofunga silabi ya mwisho wote kwa pamoja. Rudisha nyuma, sikiliza tena, wasikilize hilo tu.

Tunaouonea kuliko zote ni Usiku Mtakatifu. Tunauburuza kama wa mazishi. Nenda ulikotoka: kijiji cha Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818. Padre Joseph Mohr aliimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, huku akipiga gitaa, mwalimu Franz Xaver Gruber akaimba besi, kwaya ikarudia mistari miwili ya mwisho ya kila ubeti. Basi. Rekodi zinazofuata mpangilio huo zipo, na ukizisikiliza utashangaa jinsi wimbo unavyobembea. Tena ni mkombozi wako usiku ule umeme unapokatika Misa ya mkesha ikianza, jambo ambalo mtu wa Mwanza sina haja ya kumweleza. Gitaa moja, mwimbaji mmoja wa tena, mmoja wa besi, na Misa inaendelea.

Nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, zile zilizozaliwa utumwani, ndizo ninazozipenda mimi, na ndizo zinazoharibiwa zaidi na kinanda chenye midundo ya kubonyeza. Anza na Fisk Jubilee Singers, waimbaji wa Chuo cha Fisk, Nashville, Marekani. Kundi hilo lilianza ziara mwaka 1871 kuchangisha fedha za kuokoa chuo chao, na wengi wao walikuwa wamezaliwa watumwa. Wanaume wanne wa Fisk waliingia studio mwaka 1909. Rekodi hizo zinakwaruza, na santuri za wakati ule hazikuwa na mwendo mmoja, kwa hiyo ufunguo wa kuimbia usiuchukue humo. Chukua kwenye kinanda chako. Sikiliza wanavyopumua pamoja bila mtu wa kuwapungia mkono. Ukishazizoea, nenda kwa Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili wa Marekani. Yeye usimpe mwanakwaya amuige, atapasuka.

Kwa kwaya changa tafuta Mary Had a Baby, wimbo wa kisiwa cha St. Helena, South Carolina. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, mstari kwa mstari. Msukuma hahitaji kufundishwa hilo mara mbili. Ila angalia unachotangaza kabla ya kuimba. Sweet Little Jesus Boy watu huutambulisha kama wimbo wa watumwa, kumbe Robert MacGimsey, Mzungu wa Louisiana, ndiye aliyeutunga miaka ya 1930.

Na mtu asikwambie ngoma ni za nje ya altare. Hapo Bujora, Kisesa, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alizipa ngoma na nyimbo za Kisukuma nafasi ndani ya kanisa miaka mingi iliyopita. Bibi wa jumuiya yako anayekumbuka nyimbo hizo mrekodi kwa simu hiyohiyo, sebuleni, redio ikiwa imezimwa.

Bando likibaki, shusha Navidad Nuestra ya Ariel Ramírez wa Argentina, ya mwaka 1964. Ina vipande sita, kila kimoja na mdundo wa watu wa kwao, kuanzia Malaika kumpasha Maria habari mpaka kukimbilia Misri. Kipande cha Mamajusi usikipige tarehe 25. Kiweke mpaka Epifania, yaani Tokeo la Bwana mwezi Januari, sikukuu ambayo Kanisa Kuu letu la Bugando limepewa jina lake, wakati kwaya nyingi zimeshafunga makabati na wanakwaya wako Ukerewe kwa wazazi.