Ulishangilia Nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uyole aliniandikia. Ameokoka karibuni, anaimba kwaya, na chini ya kitanda chake ana boksi la riwaya alizonunua moja moja kwa pesa ya kubeba mizigo sokoni. Mwenzake wa maombi amemwambia azichome. "Dada, nizichome au nisizichome? Nataka kumpendeza Mungu." Nilimjibu siku ileile: usichome. Lakini swali lake limenikaa, maana najua wengi wenu mnalo. Mnampenda Mungu, mnapenda hadithi, na mmeambiwa mchague kimoja.

Mimi niliambiwa hivyo mbele ya watu. Nilipoanzisha kikundi cha vijana cha kusoma vitabu kanisani, hapa Mbeya, tulianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikarudi ikawa inasomwa sekondari. Mzee mmoja wa kanisa aliikuta mezani, akaifungua katikati, akasoma mistari michache kwa sauti, kisha akasema nimeleta dunia madhabahuni. Tukanyimwa ukumbi. Hakuuliza kitabu kinaanzaje wala kinaishaje. Mpaka leo linaniuma. Tukikutana mlangoni tunasalimiana vizuri, lakini moyo wangu unakaza, na nimelipeleka jambo hilo kwenye maombi mara nyingi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kanisa letu lenyewe ndilo lililotufundisha kusoma. Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 hawakuleta ibada peke yake. Shule ilifuata papo hapo. Babu zetu walishika kitabu kwa sababu ya Injili. Iweje leo kitabu kiwe adui wa Injili?

Basi tulihamia barazani kwa mama mmoja wa Soweto, mtaa wa hapahapa Mbeya. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua: tulisoma tumejitanda vitenge na mablanketi, birika la chai ya tangawizi likizunguka. Tulipomaliza kitabu sikuuliza funzo la hadithi ni nini. Niliuliza, "Nani alikukasirisha?" Wavulana wakasema Rosa, kwa jinsi alivyoharibika. Wasichana wakasema Zakaria, baba mlevi anayempiga Rosa, binti yake, kwa ajili ya barua ya mvulana. Wakabishana kweli. Halafu kijana mmoja, ambaye alikuwa amemlaumu Rosa kuliko wote, akanyamaza kwa muda mrefu, akaangalia miguu yake, akasema, "Mimi nilimpiga dada yangu kwa sababu ya meseji kwenye simu." Hakuna aliyemhubiria. Jioni ile alimpigia dada yake simu, yuko Chunya, akamwomba radhi.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba riwaya ile haina kazi kanisani.

Angalieni Nathani alivyomwendea Daudi katika 2 Samweli 12. Mfalme amezini, ameua, na amekaa kimya. Nathani haanzi na amri za Mungu. Anaanza na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Anamwacha Daudi akasirike kwanza, aape kabisa kwamba mtu huyo anastahili kufa, ndipo amwambie, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hasira ya Daudi kwa yule tajiri wa kwenye hadithi ndiyo iliyomfungua. Kwa hiyo, mpendwa, ukimaliza kitabu au filamu usikimbilie kuuliza kama kulikuwa na dhambi ndani yake. Biblia yenyewe ina Waamuzi 19, na sidhani kama kuna mkurugenzi wa filamu angethubutu kuionyesha yote. Jiulize hasira yako ilikwenda kwa nani na furaha yako ilikwenda wapi.

Furaha hasa. Vibanda umiza vya Mwanjelwa na vya kila mji wetu vimejaa filamu ambazo mganga au bibi mzee mchawi anaombewa mpaka anateketea kwa moto, na watu wanapiga makofi. Waumini wenzangu wanaziita filamu safi. Hakuna busu, hakuna matusi, na mwisho kuna aleluya. Mimi nasema hizo ndizo zinazonitia hofu. Katika mikoa yetu hii wazee wameuawa kweli kwa kushukiwa uchawi. Unaposhangilia bibi anapoungua kwenye skrini, moyo wako unajizoeza kitu gani? Yakobo na Yohana walitaka kukiteremshia moto kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Bwana, na Yesu akawageukia akawakemea. Iko Luka 9. Hao walikuwa mitume, na walikemewa kwa kushangilia moto ambao hata haujashuka!

Filamu ninayoishukuru ni ile ya Yesu ya mwaka 1979, iliyojengwa juu ya Injili hiyohiyo ya Luka. Niliiona nikiwa mtoto, kijijini Rungwe, shuka jeupe limefungwa kati ya mikaratusi miwili, jenereta linanguruma nyuma yetu. Petro alipomkana Bwana, bibi mmoja alisimama akamfokea kwa Kinyakyusa, akakataa kukaa mpaka jogoo alipowika. Alimfokea kama mtu anayemjua. Filamu inaweza kufanya hivyo, na Mungu hutumia. Lakini ilinichukua miaka kufumba macho katika sala bila kuiona sura ya Brian Deacon, mwigizaji wa Kiingereza aliyeigiza nafasi ya Yesu. Luka hasemi popote Bwana alikuwa na sura ya namna gani. Kwa hiyo nyumbani kwangu, tukimaliza filamu ya Biblia tunafungua sura yenyewe na kuisoma polepole, watoto wakiniambia kipi kimeongezwa na kipi kimeachwa. Wanaona mengi kuliko mimi.

Simaanishi kwamba kila kitu kinafaa. Zipo kazi zilizotengenezwa kuwasha tamaa tu, na wewe mwenyewe unazijua kabla hata hujabonyeza. Ziache. Usijidanganye kwamba unachambua. Paulo aliwaambia Wathesalonike, "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," na kujaribu maana yake ni kupima, si kumeza. Tena pima pamoja na wengine. Msomaji wa peke yake hujihurumia. Wenzake ndio humuuliza, kwa nini ulicheka pale? Tafuta hata mtu mmoja wa kukuuliza hivyo. Soma, kisha uulizwe. Tazama, kisha uulizwe.

Mwezi huu wazazi wameanza kuja barazani. Walikuja kuona watoto wao wanafanya nini, wakabaki. Mama mmoja aliomba aazime nakala ya Rosa Mistika akaisome na mume wake, na mchungaji ameniuliza kama tunaweza kuongoza jioni moja ya Umoja wa Vijana, palepale ukumbini. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, barabarani, watu wakigeuka.

Kwa kijana wangu wa Uyole: lete boksi zima. Tutapitia kitabu kimoja kimoja, na kama kuna cha kuacha utakitambua mwenyewe. Kinachofuata kikundini ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ambapo Karama anasimama kushtakiwa mbele ya mfalme na kujitetea kwa hadithi. Najua atakuwepo wa kuuliza kwa nini Wakristo wasome kitabu cha Mwislamu. Paulo aliwanukulia Waathene washairi wao wenyewe, Matendo 17, na hakuomba radhi. Njoo umesoma mpaka mahali Waziri Majivuno anapomaliza kusoma mashtaka, na uje na jibu: wewe ungekaa upande gani wa baraza lile?